Barua ya Wazi kwa Baraza la Chuo Chetu: Turudishieni Miongozo ya Mfumo Endeshi

Kwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo,
kwa Mkuu wa Chuo,
na kwa Mkuu wa Idara ya TEHAMA,
Nairobi.

Waheshimiwa,

KUH: KUONDOLEWA KWA MIONGOZO YA MFUMO ENDESHI KATIKA MAABARA, SEVA NA MAKTABA YA CHUO

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa madarasa ya jioni, na kwa miaka tisa nimefundisha usimamizi wa mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, na uandishi wa programu za mfumo katika chuo hiki mnachokiongoza. Sikupenda kuyaleta haya hadharani. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkuu wa idara mwezi wa Januari. Ya pili niliipeleka masjala mwezi wa Machi, ikapigwa muhuri, na nakala yake ninayo. Mwezi wa Juni niliketi na afisa wa utawala kwa nusu saa, akaniambia kwamba jambo langu linashughulikiwa, na tangu siku hiyo sijapokea hata mstari mmoja. Jina la chuo sitalitaja hapa kwa sababu nia yangu si kukiaibisha. Nataka kusikilizwa tu.

Malalamiko yangu ni kwamba chuo kimenunua kompyuta nzuri, kikazifunga vizuri, kisha kikaziondolea miongozo yake, na sasa kinawadai wanafunzi na wafanyakazi ujuzi ambao chanzo chake kimefungwa. Katika kazi yetu mwongozo ni sehemu ya mfumo wenyewe, kama vile usukani ulivyo sehemu ya gari. Nitayaeleza malalamiko haya moja baada ya jingine.

1. Miongozo imefutwa kwenye kompyuta za maabara.

Wakati wa likizo ya Desemba, mwanakandarasi aliyepewa zabuni alizifuta kompyuta zote za maabara mbili na kuziwekea upya mfumo wa Ubuntu, mmoja wa mifumo ya Linux, kutoka kwenye nakala moja aliyokuja nayo. Tulipofungua muhula, mwanafunzi wa kwanza aliyeandika neno man, yaani amri ya kuufungua mwongozo, na kulifuatisha jina la amri anayotaka kuisoma, kama nilivyomfundisha, hakuuona ukurasa aliouzoea. Aliona ujumbe mfupi usemao kwamba mfumo huu umepunguzwa kwa kuondolewa vitu visivyohitajika katika mfumo ambao watumiaji hawaingii. Naomba myasome maneno hayo mara mbili: mfumo ambao watumiaji hawaingii. Nakala ya aina hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mashine zinazofanya kazi peke yake, mbali na watu, ambako hakuna mtu wa kuketi mbele ya kioo na kusoma chochote. Maabara yetu huingiwa na wanafunzi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tatu usiku, na kuingia kwao ndiyo sababu ya maabara kuwepo.

Ujumbe huo huo unataja dawa yake. Kuna amri moja, iitwayo unminimize, ambayo huvirudisha vilivyoondolewa, pamoja na kurasa za mwongozo. Sikuweza kuiendesha kwa kuwa nenosiri la msimamizi liko kwa mwanakandarasi, na mwanakandarasi hapokei simu za walimu.

Huenda wajumbe wa Baraza ambao hawakusomea kompyuta wakadhani kwamba nazungumzia vijitabu vya kuwafunza watu kuwasha na kuzima mashine. Naomba niwaeleze kurasa hizi ni nini. Toleo la kwanza la mwongozo wa mfumo wa Unix, mfumo ambao Linux iliundwa kwa kufuata mtindo wake, lilitolewa tarehe 3 Novemba 1971 katika maabara za Bell nchini Marekani, likiwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kundi lao lilipata kompyuta ya kufanyia kazi hiyo kwa kuahidi kwamba lingetengeneza chombo cha kuandalia matini, na watumiaji wa mwanzo walikuwa wafanyakazi wa idara ya hataza (haki za uvumbuzi) waliokuwa wakiandaa maombi yao. Kwa maneno mengine, mfumo huu ulikua ukiwa unapanga kurasa, na kurasa zake wenyewe zilikuwa miongoni mwa hizo. Mwongozo wa 1971 uligawanywa katika sehemu saba: amri za mtumiaji, miito ya mfumo (maombi ambayo programu huyapeleka kwa mfumo endeshi), taratibu za laibrari, faili maalumu za vifaa, miundo ya faili, na kadhalika. Sehemu ya nane, ya matunzo na usimamizi, iliongezwa baadaye. Mgawanyo huo, pamoja na mabadiliko machache, ndio anaoukuta hadi leo mwanafunzi wetu wa kutoka Kayole anapoketi mbele ya mashine.

Jambo ninaloliheshimu zaidi katika kurasa hizo ni ile sehemu iliyotengewa kasoro. Waandishi wa mwanzo walikuwa na desturi ya kuandika, chini ya maelezo ya amri waliyoiunda wao wenyewe, mahali ambapo amri hiyo hukosea. Nimefundisha masomo mengi maishani mwangu, na ni mara chache nimekutana na kitabu cha kiufundi kinachomwambia msomaji wake kwa uwazi kiasi hicho pale pasipotegemewa.

Nitoe mfano mmoja ili muone uzito wa kilichofutwa. Muhula uliopita wanafunzi wangu wa mwaka wa pili waliandika programu ndogo ya kurekodi malipo ya kibanda cha chakula. Programu ilifanya kazi barabara, hadi jioni moja stima ilipopotea na rekodi za mwisho zikapotea nazo. Wanafunzi walishangaa, kwa kuwa programu ilikuwa imepokea jibu kwamba data imeandikwa. Ukurasa wa write, mwito ambao programu huutumia kuandika data, katika sehemu ya pili ya mwongozo unalieleza jambo hili bila kuficha: jibu la mafanikio haliwi hakikisho kwamba data imefika kwenye diski, na anayetaka kuwa na hakika aite fsync, mwito wa kuisukuma data hadi kwenye diski, baada ya kumaliza kuandika. Ukurasa huo huo unaonya kwamba baiti zilizoandikwa zaweza kuwa chache kuliko zilizoombwa. Kwa mtu anayeandika programu zinazoshughulikia pesa za watu katika jiji ambalo stima hukatika bila kubisha hodi, aya hiyo moja ina thamani kuliko mihadhara yangu yote. Kabla ya Desemba, ningemwambia mwanafunzi aandike man 2 write, na tungeisoma pamoja hapo hapo. Sasa naandika ubaoni kwa kumbukumbu, nao wananakili, na makosa yangu wananakili vilevile.

2. Seva ya chuo haina mwongozo wowote, na kijana asiye na hatia ameadhibiwa kwa sababu hiyo.

Hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa jambo hili ndilo lililonikosesha usingizi na kunifanya niishike kalamu.

Mnakumbuka wiki ya usajili wa mwezi wa Mei, seva ya usajili na karo ilipokwama kwa siku mbili. Wanafunzi walipanga foleni kutoka ofisi ya fedha hadi langoni. Wako waliopanda matatu kutoka Githurai na Rongai siku mbili mfululizo na kurudi nyumbani mikono mitupu, na nauli hairudishwi. Ofisi ilisema kwamba kosa ni la msaidizi wa TEHAMA, kijana aliyehitimu hapa hapa chuoni, na wiki iliyofuata alikabidhiwa barua ya onyo.

Nilikaa na kijana huyo tukalifuatilia kosa hatua kwa hatua. Mkuu wake alikuwa amemwagiza kwamba nakala ya akiba ya kumbukumbu zote itengenezwe mara moja kwa mwezi, usiku wa Ijumaa ya kwanza. Akafungua jedwali la crontab, ambalo huiambia mashine kazi ipi ifanywe lini, na kwenye sehemu tano za wakati akaandika hivi:

0 2 1-7 * 5

Alikusudia: dakika ya sifuri, saa nane usiku, tarehe ya kwanza hadi ya saba, kila mwezi, siku ya Ijumaa. Mtu yeyote mwenye akili timamu angelisoma hivyo, kwamba siku iwe Ijumaa na tarehe iwe kati ya 1 na 7. Mashine hailisomi hivyo. Kanuni yake ni kwamba sehemu ya tarehe na sehemu ya siku ya juma zikiwekewa mipaka zote mbili, kazi itafanywa pale mojawapo inapotimia. Kwa hiyo nakala ilitengenezwa kila siku kuanzia tarehe 1 hadi 7, na tena kila Ijumaa iliyobaki ya mwezi, yaani mara kumi au kumi na moja badala ya mara moja. Kila nakala ilikuwa kamili, na zote ziliwekwa kwenye diski ile ile inayohifadhi kumbukumbu za usajili. Alilipanga jedwali hilo mwezi wa Februari. Kufikia Mei diski ilikuwa imejaa pomoni, na seva haikuwa na mahali pa kuandika jina la mwanafunzi hata mmoja.

Waheshimiwa, kanuni hiyo ya ajabu imeandikwa waziwazi katika ukurasa wa crontab, sehemu ya tano ya mwongozo. Sisemi sehemu ya kwanza, kwa kuwa man crontab bila nambari huleta ukurasa wa amri yenyewe, ambao ni mwingine. Huyu kijana anajua kutofautisha kurasa hizo mbili, nilimfundisha mimi. Aliandika man 5 crontab kwenye seva hiyo kabla hajagusa chochote, na historia ya amri zake ninayo. Alichojibiwa na mashine ni ule ujumbe kwamba mfumo umepunguzwa. Seva hiyo haina njia ya kutoka kwenda kwenye intaneti, na katika hilo mlifanya vyema kabisa. Ofisini kwake hakukuwa na kitabu chochote. Mwanakandarasi hakuacha hata karatasi moja inayoeleza diski ina ukubwa gani, nakala ziwekwe wapi, wala nani aarifiwe nafasi ikianza kupungua. Kijana aliomba kusoma kabla ya kutenda, mlango ukawa umefungwa, naye akatenda kwa kadiri ya uelewa wake kwa sababu alikuwa ameagizwa kazi iwe tayari Ijumaa.

Kwa utaratibu uliopo chuoni, mfanyakazi aliyeutafuta mwongozo akaukosa ndiye aliyebeba barua ya onyo, na aliyeuondoa mwongozo amelipwa ankara yake yote. Sina chuki na mwanakandarasi. Nasema tu kwamba mzani huu haukukaa sawa, na Baraza ndilo lenye mkono wa kuusawazisha.

3. Miongozo ya karatasi imetolewa maktabani.

Maktaba yetu ilikuwa na rafu tatu za miongozo iliyojalidiwa, mingi ikiwa ya msaada. Chumba kilipogeuzwa kuwa ukumbi wa mapumziko, miongozo hiyo ilipelekwa kwenye stoo iliyo chini ya ngazi, ambako mabomba ya maji yanavuja. Niliiona mwezi wa Aprili. Majalada ya chini yameshaanza kuota ukungu.

Niliambiwa kwamba imepitwa na wakati. Baadhi imepitwa kweli, na hiyo sitaitetea. Lakini miito kama open, read, write, close na fork ilikuwemo katika mwongozo wa 1971, na imo kwenye mashine iliyo mezani pangu leo, ikifanya kazi ile ile. Elimu ya mfumo endeshi haichachi kama maziwa.

4. Hakuna hata ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na tulipojitolea kuuandika tulikataliwa.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sitalitumia hilo kama rungu. Nitasema ninachokiona darasani kila jioni.

Jedwali lile la crontab nililolitaja juu lina mitego ambayo Mwingereza haioni kwa sababu kwake haipo. Sehemu ya saa huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, 0 hadi 23. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili na anayetaka kazi ifanywe saa mbili asubuhi huandika 2, na kazi yake hufanywa saa nane usiku; alipaswa kuandika 8. Sehemu ya siku ina mtego mkubwa zaidi. Sisi huhesabu juma kuanzia Jumamosi, na nambari imo ndani ya jina lenyewe: mosi, pili, tatu, nne, tano. Mashine huanza na Jumapili ikiwa 0, kwa hiyo Jumatatu ni 1, Jumanne ni 2, na Jumatano ni 3. Mwanafunzi anayesikia tano ndani ya Jumatano na kuandika 5 ameiamuru mashine ifanye kazi siku ya Ijumaa. Nimeliona kosa hili kwa macho yangu katika daftari za mtihani wa vitendo, si kwa mwanafunzi mmoja wala wawili, na wanaokosea si wazembe. Hakuna mwongozo wa Kiingereza utakaowaonya juu yake, kwa kuwa mwandishi wake hana sababu ya kuliwaza. Ni sisi tu tunaoweza kuliandika onyo hilo.

Tuliliandika. Wanafunzi wangu saba walitumia Jumamosi zao kuandaa kurasa kumi na mbili kwa Kiswahili: crontab, chmod, mount, df, tar na nyinginezo. Hawakutafsiri neno kwa neno. Waliandika upya kwa mifano ya hapa, na mwisho wa kila ukurasa wakaweka kasoro, kwa kufuata desturi ile ya tangu 1971. Walijadiliana kwa saa nzima kama waandike kabrasha au folda, na wakakubaliana kwamba neno ambalo mwenzao wa maabara ya pili hatalielewa bila kuuliza lisitumike. Mfumo wenyewe uko tayari kuzipokea kurasa hizo. Linux huzitambua mipangilio ya Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania, na amri ya man hutafuta kwanza saraka (mahali zinapowekwa faili) ya lugha aliyoichagua mtumiaji. Ndivyo Wajerumani, Wafaransa na Wajapani wanavyozisoma kurasa zao. Kilichohitajika ni kuzinakili kurasa zetu kwenye saraka yenye herufi mbili, sw, kazi ya dakika tano.

Tulijibiwa kwa mdomo kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha kwa mambo ya kiufundi. Jibu hilo lingeweza kusameheka zamani. Mwaka 2004 mradi uliofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa programu nzima ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili, kwa jina la Jambo OpenOffice, na menyu zake zilikuwa na istilahi za Kiswahili. Istilahi hukua kwa kutumiwa, na chuo cha ufundi ndicho mahali pake.

Najua yatakayosemwa baada ya barua hii kusomwa, kwa sababu nimeshayasikia ana kwa ana, na naomba niyajibu sasa.

Itasemwa kwamba kila kitu kiko kwenye intaneti. Vingi viko, ni kweli, lakini mwanafunzi wetu hununua bando kwa pesa yake mwenyewe, na mtandao wa chuo hulala saa za jioni wakati madarasa yangu yanapoanza. Zaidi ya hayo, intaneti humpa jibu la mfumo wa mtu mwingine. Kuna amri iitwayo killall. Kwenye Linux huzima programu zenye jina ulilolitaja. Kwenye Solaris, mfumo mwingine wa ukoo wa Unix, huzima michakato yote inayoendelea. Amri ya sed, ya kuhariri matini, yenye alama ya -i hukubali kutumiwa peke yake kwenye Linux, lakini kwenye kompyuta za Apple hudai neno jingine baada yake. Mwongozo ulio ndani ya mashine huja pamoja na toleo la programu lililo ndani ya mashine hiyo hiyo, na ndiyo maana hautegemei bahati ya mtafutaji. Wengine watasema kwamba siku hizi akili unde huwajibu wanafunzi. Huwajibu, nami siwakatazi kuiuliza, ila nawataka wawe na mahali pa kulihakikisha jibu walilopewa. Mahali hapo ndipo palipofutwa.

Itasemwa pia kwamba kurasa hizi zinachukua nafasi. Nilipima kwenye kipakatalishi changu: saraka nzima ya miongozo haikufika megabaiti 100. Diski moja ya maabara ina gigabaiti 256.

Hoja ya usalama ndiyo iliyonishangaza zaidi. Afisa mmoja aliniambia kwamba kumwachia mwanafunzi mwongozo wa usimamizi ni kumfundisha kuvunja mfumo. Kurasa hizi ni wazi kwa ulimwengu mzima, na anayetaka kudhuru anazo tayari. Aliyezikosa ni yule anayetaka kujenga. Isitoshe, miradi mikubwa ya mifumo hii huuchukulia mwongozo uliokosekana kuwa hitilafu ya kurekebishwa: sera ya Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake, inasema kwamba kila programu inapaswa kuwa na ukurasa wake wa mwongozo, na kuukosa kunahesabiwa kuwa kasoro. Kwa kipimo cha wenye mfumo wenyewe, maabara zetu mbili ni mbovu tangu Januari.

Kuhusu gharama sitasema mengi. Leseni za kurasa hizi zinaruhusu kunakiliwa, kuchapishwa na kusambazwa. Hatuhitaji zabuni mpya.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ninaomba yafuatayo, na ninaomba yajibiwe kwa maandishi.

Kabla ya jambo lingine lolote, barua ya onyo aliyopewa msaidizi wa TEHAMA iondolewe kwenye faili lake, na aelezwe kwa maandishi kwamba imeondolewa. Hili halihitaji fundi wala bajeti, na kila siku inayopita likiwa halijafanywa, kijana huyo anaomba kazi kwingine akiwa na doa ambalo si lake.

Pili, kurasa za mwongozo zirudishwe kwenye kompyuta zote za maabara na kwenye seva kabla ya mtihani wa vitendo wa mwezi wa Novemba, na nenosiri la msimamizi likabidhiwe mfanyakazi wa chuo badala ya kubaki mfukoni mwa mtu wa nje. Kwa upande wa seva, mwanakandarasi adaiwe mwongozo wa mahali: karatasi zinazoeleza diski zimegawanywaje, huduma zipi huanza zenyewe mashine ikiwashwa, nakala za akiba ziko wapi na hurejeshwaje. Karatasi hizo ziwe sharti la malipo katika zabuni zote zijazo, na asiyezileta asilipwe sehemu ya mwisho ya fedha zake. Miongozo iliyo chini ya ngazi itolewe kabla ya mvua za vuli, nami nitaichambua mwenyewe bila malipo, ya kutunza na ya kutupa. Na kurasa kumi na mbili za wanafunzi zipewe nafasi kwenye saraka ya sw, pamoja na ruhusa ya kuziongeza na kuzisahihisha kila muhula.

Nimezipakia kurasa hizo pamoja na kurasa zote za mwongozo za toleo letu kwenye diski ndogo, na maelezo ya kuziweka nimeyachapa kwenye karatasi moja, pande mbili. Diski iko masjala tangu Jumatatu, ndani ya bahasha iliyoandikwa majina yenu watatu, na mpokeaji ametia sahihi. Jumamosi hii nitakuwa maabara ya kwanza kuanzia saa tatu asubuhi, pamoja na wanafunzi wale saba. Mkimtuma mtu mwenye nenosiri, kazi ya chumba hicho itakuwa imekwisha kabla ya adhuhuri.

Wenu mwaminifu,

Mwalimu wa madarasa ya jioni,
Idara ya TEHAMA.

Nakala: Chama cha Wanafunzi, Msaidizi wa TEHAMA.